Kabla hamjagusa droo za kome

Wadogo zangu, juzi kwenye mkusanyo wetu wa magamba ya kome wa maji baridi nimekuta tena lebo inayosomeka "Anodonta anatina Linnaeus, 1758". Bila mabano, kwa wino mzito wa mtu asiye na wasiwasi hata kidogo. Nawapenda, lakini mtanizeesha.

1. Mabano si pambo. Linnaeus, mwandishi wa jina hili, yaani aliyeielezea spishi kwanza, alimwita kome huyu Mytilus anatinus. Alipohamishiwa Anodonta, jenasi nyingine (kundi la spishi za karibu), jina la mwandishi na mwaka vikaingia kwenye mabano, na "anatinus" ikageuka "anatina" ili ipatane na jinsi ya kike ya jenasi. Etheria elliptica Lamarck, 1807 hana mabano kwa sababu Lamarck mwenyewe ndiye aliyemweka katika Etheria, na humo hajatoka. Mliyemzoea kama Margaritifera auricularia sasa ni Pseudunio auricularius (Spengler, 1793). Msiitegemee kompyuta, maana hupiga mstari mwekundu chini ya majina yote mawili, la zamani na jipya.

2. Gamba hudanganya. Mtafiti wa kome Ortmann alishaonyesha mwaka 1920 kwamba kwa spishi kadhaa, kome wa karibu na chanzo cha mto huwa bapa na wenzao wa chini, mto unapopanuka, huwa wanene. Huyo Etheria anayejigandisha mwambani ndiye balaa kabisa, kwani hufuata umbo la pale alipokaa. Mtaalamu wa konokono na kome Bourguignat na wenzake kule Ufaransa, karne ya 19, kila umbo waliliona spishi, wakatuachia mamia ya majina kwa Anodonta wachache tu. Kila msimu mmoja wenu hunijia macho yanameta, ana "spishi mpya" mkononi. Nenda kwanza kaangalie meno ya bawaba, glokidia (lava wa kome, wanaojishikiza kwa samaki) na vinasaba, tena kwa sampuli za sehemu mbalimbali za mto, ndipo tuzungumze.

3. Lebo kuukuu haitupwi. Hapa naomba mkae chini.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilikabidhiwa droo za kome wa jenasi Unio nizipange. Lebo zilikuwa za manjano, kingo zimeliwa na wadudu, mwandiko kama nyayo za kuku, na majina yenyewe hayatumiki tena. Mimi nikaona takataka. Nikachapa lebo mpya zenye majina ya kisasa, kila bano mahali pake, na zile za zamani zikaenda kapuni. Nikasifiwa kwa usafi, nikatembea kifua mbele.

Baadaye akaja mtafiti aliyekuwa akilipitia upya kundi lile. Mwandishi wa jina mojawapo hakuwahi kuteua holotaipu, yaani sampuli moja ya kielelezo cha jina, kwa hiyo mgeni wetu alikuwa akitafuta sampuli zake za awali ili achague lektotaipu, yaani kielelezo kinachoteuliwa baadaye. Gamba moja kwenye droo yangu lilikaribiana vipimo na maelezo ya kwanza, na mchoro ulifanana. Akauliza, "Lebo yake ya asili iko wapi?"

Nikajibu kwamba ilipotea. Uongo huo ulinikaa kooni hadi jioni, nikamrudia nikamweleza habari ya kapu. Bila ule mwandiko na jina la mahali, hapakuwa na cha kuthibitisha kwamba gamba lile liliwahi kupita mikononi mwa mwandishi. Hakunigombeza. Alilirudisha kisandukuni, akaandika mstari mmoja daftarini, akaomba droo inayofuata. Heri angenifokea. Na yale majina niliyoyachapa kwa fahari, mengi yameshabadilika tena.

Lebo mpya huwekwa pamoja na ya zamani. Basi.

4. Andika namba ya sampuli kwenye vipande vyote viwili vya gamba. Ukikuta glokidia kwenye matamvua ya samaki, andika na jina la samaki huyo. Usipake vanishi.

5. Soma maelezo ya kwanza ya spishi wewe mwenyewe. Mtaalamu wa viumbe Rafinesque aliwapa majina kome wa mto Ohio mwaka 1820, kwa maelezo mafupi yanayotia hasira. Lea, mtafiti mwingine wa kome aliyekuja kutoa majina mengi kuliko yeye, aliyapuuza mengi ya mwenzake. Malumbano yao bado tunayalipia, lakini mwaka ni mwaka, aliyetangulia ndiye mwenye jina, na Quadrula quadrula (Rafinesque, 1820) bado ni wa Rafinesque. Kwa hiyo msiniletee orodha ya sinonimu (majina mengine ya spishi ileile) iliyonakiliwa nzimanzima kutoka katalogi ya kome ya Simpson ya 1914. Makosa ya chapa yaliyomo nayajua, nitayatambua.