Dada, kabla hujauza ploti uliza hiyo asilimia ni ya nani

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia. Ana miaka 43, kliniki imemwambia nafasi yake ya kupata mimba kwa IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa tumboni, ni asilimia 60, na anataka kuuza ploti yake ya Kitengela. Nimemwambia asiuze kitu kabla hajajua hiyo 60 ni ya nani.

Mimi nilianza nikiwa na 41. Nilikuwa nakimbia Karura kila Jumamosi, sivuti, hedhi haikosei tarehe. Yote mazuri, ila hayalirudishii yai ujana. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na kadiri yanavyokaa ndivyo kromosomu zinavyozidi kugawanyika vibaya. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa likaanza kukua, hakishiki, au kinashika kisha kinatoka.

Kwenye skani daktari alihesabu vitone vyeusi kwenye skrini, ndivyo vifuko vinavyokuza mayai: viwili kulia, kimoja kushoto. Nesi akaandika, hakuna aliyenieleza kwamba maana yake mayai yamebaki machache. Nikapewa sindano za kukuza mayai, nikazipanga kwenye friji kando ya maziwa. Ile ya mwisho saa yake haisogezwi, kwa sababu mayai hutolewa kama saa 36 baadaye. Nilijidunga garini kwenye foleni ya Thika Road, mume wangu akinimulikia kwa simu. Majibu yakaja hapana. Tukarudia, hapana tena. Wifi yangu akasema mezani, wageni wakiwepo, kwamba pesa za kaka yake zinamwagwa chooni. Nikikumbuka hadi leo nachomeka, na kama anasoma hapa, asome vizuri.

Daktari wa pili ndiye aliyekaa nami chini. Kwanza akaona mrija wangu wa kushoto umejaa maji. Maji hayo yakivujia kwenye mfuko wa uzazi yanaweza kupunguza nafasi karibu kwa nusu, hivyo mrija huo ukatolewa. Kisha akaniambia mfuko wa uzazi hauchoki haraka kama mayai. Yai likitoka kwa binti wa miaka 25, nafasi inafuata zaidi umri wa binti, si wangu. Tulilia, tukaomba, tukakubali. Mwanangu wa yai la kuchangiwa sasa anavunja rimoti ya tatu, na simwonei haya. Wale wanaojifungua wakikaribia 50 tukawaita miujiza, wengi wamepita njia hii hii. Wananyamaza, na wewe unauza shamba ukifuata hadithi nusu.

Basi dada zangu, ulizeni. Asilimia ya umri gani? Ya yai langu au la kuchangiwa? Ya kipimo kusoma mimba, au ya mtoto aliyezaliwa? Wamewahesabu na wale ambao hawakufika hata kupandikizwa? Uingereza, ambako serikali inakusanya takwimu, kwa mwanamke chini ya miaka 35 anayetumia mayai yake, kila kiinitete kinachopandikizwa huleta mtoto karibu mara 1 kati ya 3. Kuanzia 43 ni karibu 1 kati ya 20. Sasa hiyo 60 imetoka wapi?

Pimeni AMH, homoni inayopimwa kwenye damu, mkijua inaonyesha wingi wa mayai, haisemi ubora wake. Pimeni thairodi na sukari. Baba naye apimwe mbegu, asijifiche nyuma ya mtoto aliyezaa zamani. Uvimbe wa fibroidi unaosumbua zaidi ni ule unaobonyea ndani ya mfuko, kwa hiyo usikimbilie kisu kwa kila uvimbe. Na hizo chupa za kusafisha kizazi mnazouziwa WhatsApp, achaneni nazo kabisa!

Na wakikushawishi wakuwekee viinitete vitatu ili kuongeza bahati, kataa. Mapacha katika umri wetu wanakuja na presha na kujifungua kabla ya wakati, na presha niliipata hata kwa mmoja. Waambie wakuwekee kimoja kizuri, vingine wavigandishe.