Kinywe na mkanda mweupe wa Ruangwa: je, vyote vimetokana na magma?

Swali: Tulipokuwa tukichimba kisima katika shamba letu la mikorosho wilayani Ruangwa, tulikutana na jiwe jeusi linalong'aa na kuchafua vidole, na kando yake mkanda mweupe wenye mabamba makubwa ya ulanga. Wapo wanaosema ni makaa ya mawe yaliyounguzwa na volkeno ya kale. Je, mawe hayo mawili yana asili moja?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako jiwe jeusi huenda ni kinywe (grafiti), yaani madini ya kaboni, na volkeno haikuhusika. Kinywe cha Ruangwa na Nachingwea kilianza kama matope ya majini yenye mabaki ya viumbe, yaliyozikwa kwenye kina kirefu wakati mabara yalipogongana na kujenga Ukanda wa Msumbiji, safu ya miamba ya kale ya Afrika Mashariki, takribani miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Huko chini, joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi pamoja na mgandamizo viliondoa hidrojeni na oksijeni katika mabaki hayo, ikabaki kaboni iliyojipanga katika tabaka nyembamba zinazoteleza, ndiyo maana vidole vinachafuka. Matope yenyewe yaligeuka kuwa naisi, mwamba wenye mistari.

Mkanda mweupe, ambao nadhani ni pegimataiti (mwamba wa fuwele kubwa), ndio uliotokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Naisi yenye ulanga ikipata joto la nyuzi 650 hadi 700 au zaidi, ulanga huvunjika na kuachia maji, na maji hayo husababisha kwatzi na feldspa, madini mengine ya naisi, kuyeyuka mapema kuliko zingeyeyuka zikiwa kavu. Sehemu ndogo ya mwamba huwa magma, ilhali kinywe hubaki kigumu pale pale. Wengi hudhani fuwele kubwa hutokana na kupoa polepole tu, lakini sababu kubwa ni kwamba maji, boroni na florini huifanya magma itiririke kwa urahisi, fuwele chache tu zikaanza kuota, na kila moja ikapata lishe ya kutosha.

Chunguza ukingo wa mkanda huo. Ukififia taratibu ndani ya naisi, yaelekea magma iliyeyuka hapo hapo. Ukiikata mistari ya naisi kwa mpaka mkali, magma ilijipenyeza kwenye ufa ikitoka kwingine, pengine kwenye graniti iliyo chini zaidi.

Jiwe jeusi lisugue kwenye karatasi nyeupe. Kinywe huacha alama ya kijivu kama ya penseli, maana moyo wa penseli hutengenezwa kwa madini haya haya. Kipande kikitiwa kwenye jiko la mkaa hakishiki moto wala kutoa moshi, tofauti na makaa ya mawe. Molibdenaiti, madini yenye metali ya molibdeni, hufanana nacho sana, ila kwa ujazo uleule ina uzito wa zaidi ya mara mbili.

Nakusihi usitwange sampuli. Thamani ya kinywe hutegemea sana ukubwa wa vibamba vyake, na vikishavunjwa kwenye kinu havirudi. Toa kipande kizima kilichoshikana na mwamba wake, kisha ukipeleke kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, ukiomba wapime asilimia ya kaboni na ukubwa wa vibamba, kwani kipimo kimoja bila kingine hakitoshi kuamua kama kinywe hicho kinafaa kuchimbwa.