Dakika sita sita: mwili wako na saa za uwakili

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika maoni ya kisheria ya kurasa 40 kwa mteja mkubwa. Siku ya kwenda kuyawasilisha, wakili mwandamizi akamchukua mwenzangu na kumkabidhi makabrasha yangu. Nilipouliza, nikaambiwa mteja anapenda "timu chapuchapu". Neno unene halikutajwa. Huwa halitajwi, wadogo zangu. Utasikia "mwonekano", "wepesi", "uchangamfu", nawe mwenye mwili utabaki ofisini ukijiuliza kama umesikia vibaya.

Hukusikia vibaya. Ila usikubali mjadala uwe juu ya mwili wako. Uliza kwa lugha ya kazi: ni sehemu gani ya maoni haya ambayo mwenzangu ataieleza vizuri kuliko mimi niliyeyaandika? Kisha weka kwenye daftari tarehe na maneno yaliyosemwa, kama unavyochukua maelezo ya mteja. Sheria yenyewe haitakufikisha mbali: jimbo la Michigan, Marekani, lilikataza ubaguzi wa uzito kazini kwa sheria ya 1976, lakini sehemu nyingi za dunia uzito haumo katika orodha ya mambo yanayolindwa.

Miaka michache baadaye nilipungua kilo 9 katika kesi moja ndefu. Usingizi ulikuwa wa saa 4 kwa usiku, kahawa ndiyo chakula, na mikono ikitetemeka nikifungua jalada. Watu wakanisifu! "Umependeza, unafanya mazoezi gani?" Sijawahi kuwa na hali mbaya kama wakati ule, wala kupongezwa kama wakati ule. Tangu hapo sisemi lolote kuhusu uzito wa mtu, hata la sifa, na nawaomba nanyi muache.

Nami si malaika. Niliwahi kumhoji shahidi mwenye mwili mkubwa aliyepanda kizimbani polepole, na nilikuwa nimemwandalia maswali mepesi nikidhani hata akili yake inatembea hivyo hivyo. Alinitoa jasho mbele ya jaji. Tarehe, kiasi, nani aliketi wapi, vyote alikuwa navyo kichwani.

Sasa mazoezi. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Ofisi nyingi za mawakili hurekodi muda kwa vipande vya dakika 6, basi piga hesabu kwa vipimo vyetu: 150 ni vipande 25 kwa wiki, havifiki 4 kwa siku. Mwongozo wa 2020 uliondoa lile sharti la kwamba lazima utimize dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe, kwa hiyo vipande vinatosha. Mimi hupanda ngazi na majalada mkononi. Mawasilisho huyasoma kwa sauti nikizunguka chumba, na sentensi inayonikata pumzi naifupisha hapo hapo. Simu ndefu nazipokea nikitembea, isipokuwa za wateja: kwenye ngazi na korido kuna masikio.

Lakini anayekwambia mbio za asubuhi zitafuta wiki ya saa 70 anakudanganya. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kwa hiyo jifunze kuuliza, "Hii inahitajika lini hasa?" Mara ngapi nimekesha na hati iliyokuja kusomwa Alhamisi, kwa sababu tu nilisikia neno "haraka" Jumatatu jioni nikanyamaza!

La mwisho ni nguo. Nilitunza koti la suti miaka 3 nikisubiri nikonde linitoshe. Hatimaye nililipeleka kwa fundi cherehani, akafungua mshono wa mgongoni na kuongeza upana wa vidole viwili. Wiki hiyo nilisimama mahakamani, nikanyoosha mkono kuonyesha kielelezo, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimeshika kifungo kwa mkono mwingine.