Ni nani hasa anayetumia tiba ya kujisaidia mtandaoni?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mshauri nasaha. Taasisi yetu imepata programu ya mtandaoni kwa watu wenye sonona na wasiwasi. Mtu anajisajili, anajisomea na kufanya mazoezi mwenyewe bila kuonana na mtaalamu. Kabla hatujaifungua nimetakiwa kuandika inawalenga akina nani. Wenzangu wanasema ni vijana waliozoea simu, wenye shida ndogondogo, na kwamba wagonjwa wa kweli watakuja kliniki wenyewe. Mimi roho yangu haijatulia. Watumiaji wa tiba hizi ni akina nani hasa?

JIBU: Njema kabisa, ndugu mshauri, na asante kwa kuuliza kabla ya kufungua. Wengi huuliza baada ya mwaka, programu ikiwa imeshakosa watu.

Naomba kwanza tuligawe swali lako, maana ndani yake mna maswali matatu. Anayefungua ukurasa wa kwanza ni mmoja, anayefika ukurasa wa mwisho mara nyingi ni mwingine, na anayepata nafuu ni habari ya tatu. Ukiandika "watumiaji" bila kusema ni wa hatua ipi, utapanga huduma kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Tuanzie mlangoni. Rekodi nzuri kuliko nyingi ni za MindSpot, kliniki ya mtandaoni ya taifa la Australia iliyoanza mwishoni mwa 2012. Katika miaka 7 ya mwanzo, watu zaidi ya 100,000 walipita kwenye upimaji wake. Karibu watatu kati ya kila wanne walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikuwa miaka 35 na ushee. Hao si vijana wa shule. Katika kazi yangu mwenyewe nimewaona kwa saa wanazoingia: usiku, baada ya kazi kwisha na nyumba kunyamaza, ndipo mtu anapata nusu saa ya kwake.

Na hawaji na shida ndogondogo. Kwa wastani, waliopimwa MindSpot hawakuwa na dalili nyepesi hata kidogo. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ukilitafakari linaeleweka. Mwenye huzuni ya siku mbili hatafuti tiba, anangoja ipite. Anayetafuta ni yule ambaye usingizi umemkimbia wiki kadhaa, ambaye amejaribu kunyamaza na kunyamaza kumeshindikana. Baadhi ya hao hawajawahi kukaa mbele ya mtaalamu wa afya ya akili. Wengine wanaona aibu kuonekana kwenye benchi la kliniki, wengine wako mbali, wengine hawana nauli au ruhusa ya kutoka kazini. Kwa hiyo hoja ya kwamba "wagonjwa wa kweli watakuja wenyewe" ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Kwa baadhi yao, ukurasa wako ndio kliniki pekee watakayoingia mwaka huu.

Sasa tuje kwa wanaobaki, na hapa takwimu zinauma. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 691 wenye sonona waliotoka kwa madaktari wao wa kawaida. Baadhi walipewa programu ya Beating the Blues, wengine MoodGYM, ile iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mwaka 2001, na wengine wakaachwa na matibabu ya kawaida tu. Waliomaliza vipindi vyote walikuwa asilimia 18 kwa programu ya kwanza na 16 kwa ya pili. Baada ya miezi minne, hali ya waliopewa programu haikuwa bora kuliko ya wale waliobaki na daktari peke yake. Huko kwenye programu za simu zinazopakuliwa bure mambo ni magumu zaidi. Uchunguzi wa 2019 uliofuatilia programu 93 za afya ya akili ulikuta kwamba, kwa programu iliyo katikati ya orodha, siku ya 30 waliokuwa bado wanaifungua ni asilimia 3.3. Yaani kati ya watu mia, watatu.

Nani anaacha njiani? Uchambuzi mwingine wa 2015 ulikusanya majaribio 10 yenye watu 2,705, wote wakitumia tiba za sonona za kujiongoza wenyewe. Walioelekea zaidi kuacha ni wanaume, wenye elimu ndogo ya shule, na wale ambao sonona yao imeandamana na wasiwasi. Kadiri umri ulivyopanda, ndivyo mtu alivyodumu. Basi wenzako wakikuambia programu ni ya vijana kwa kuwa wamezoea simu, waambie kuzoea simu ni kitu kimoja na kuvumilia somo la nne ni kitu kingine.

Hatua ya tatu ndiyo inayonipa moyo. Mwaka 2017 yalichambuliwa pamoja majaribio 13 yenye watu 3,876. Ilionekana kuwa tiba ya kujiongoza inasaidia, ingawa kwa kiasi kidogo. Watafiti wakaangalia kama jinsia, umri, elimu au ukali wa dalili ndivyo vinavyoamua nani apate nafuu. Havikuamua. Kilichoambatana na nafuu ni kuendelea na masomo. Litulize hilo kichwani kidogo, ndugu yangu: elimu ndogo inamtoa mtu njiani, lakini akisaidiwa kubaki, hakuna ushahidi kwamba atafaidika kidogo kuliko msomi. Kwa hiyo usimfungie mlango mtu kwa sababu ya darasa alilofikia. Rahisisha maandishi.

Nikueleze nilichokiona kwa jicho langu. Karibu kila programu ya tiba ya fikra na tabia ina zoezi la kuandika wazo na kulipima: tukio gani lilitokea, ulifikiri nini, ulihisi nini, kuna ushahidi gani wa kuliunga mkono wazo hilo, na upi wa kulipinga. Bwana mmoja niliyekuwa namfuatilia aliandika, "Mimi ni mzigo kwa watu wangu." Kwenye ushahidi wa kuunga mkono akaweka, "Wiki nzima sijapigiwa simu." Kisanduku cha pili kikabaki kitupu. Aliingia, akafika hapo, akatoka. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kwenye takwimu angehesabiwa ameacha njiani, mwanamume mwingine asiyetaka kujisaidia. Nikamtumia ujumbe mfupi: andika chochote, hata kidogo, hata kama hukiamini. Kesho yake nikakuta sentensi moja: "Binti yangu aliniomba nimfundishe hesabu." Akaendelea hadi somo la mwisho.

Ujumbe ule ulichukua dakika mbili, na ndio unaobeba jibu langu kwako. Uchambuzi mkubwa wa 2021, wenye majaribio 39 na watu 9,751, ulilinganisha tiba yenye msaidizi na isiyo na msaidizi. Kwa wenye dalili hafifu tofauti ilikuwa ndogo sana, wanaweza kujisomea wenyewe. Kwa wenye sonona ya wastani na kali, kuwa na mtu wa kuwafuatilia kulikuwa bora. Na nimeshakuambia ni wa kundi gani wanaobisha hodi. Msaidizi huyo si lazima awe daktari. Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya ya Lebanon walitengeneza programu iitwayo Step-by-Step, yenye vipindi vitano vinavyosimuliwa kwa hadithi na picha, na wasaidizi wake ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wanaozungumza na kila mtumiaji kama dakika 15 kwa wiki. Ilijaribiwa kwa Walebanoni na kwa wakimbizi wa Syria, na dalili za sonona zikapungua.

Kwenye andiko lako, basi, mimi ningeandika hivi: inawalenga watu wazima wa umri wowote wenye sonona au wasiwasi, hasa wasiofikiwa na huduma ya ana kwa ana, wenye dalili hafifu watajiongoza, waliobaki watapewa msaidizi. Wenye kuona au kusikia visivyokuwepo, wenye kupandwa na msisimko usio wa kawaida, na wenye mpango wa kujidhuru hawafai kuachwa na programu. Hao wapelekwe kwa mtaalamu moja kwa moja. Wakati wa kujisajili uliza machache tu: umri, jinsia, aliyemwelekeza, kama amewahi kutibiwa, na dodoso fupi la dalili. Kila swali la ziada linakupunguzia watu. Halafu rekodi kila mmoja ameishia ukurasa gani, maana wakiishia wengi mahali pamoja, kosa liko kwenye ukurasa wako.

Ukitumia PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, utaona lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na alama 10 ndipo wengi wetu tunapoanza kumhesabu mtu kuwa anahitaji uangalizi zaidi. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengi hulijibu kwa ukweli, pengine kwa kuwa hakuna anayewatazama usoni. Kabla hujaifungua programu, amueni kwa majina nani anayasoma majibu ya swali hilo, saa ngapi kila siku, zikiwemo sikukuu, na akikuta mtu ameandika 2 au 3, anampigia nani kwanza.