Waya wa kengele ya getini, mita 30

Ndugu, umeuliza kama waya wa intaneti uliobaki unafaa kwa kengele ya getini, mita 30 kutoka nyumbani, transfoma ya volti 8. Mimi nisingeutumia. Uzi wake mmoja una unene wa nusu milimita tu, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 60. Kengele ya kugonga ikivuta ampia 1, volti 5 hivi zinapotelea njiani. Ukibonyeza utasikia "tik" hafifu, basi.

Nunua waya laini wa nyuzi mbili, shaba halisi, wa 1 mm² (huo ni ukubwa wa mkato wa uzi, si unene). Hapo unapoteza kama volti moja na kengele inalia vizuri. Kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ikitokea rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani.

Ila kwanza, tafadhali sana, soma maandishi nyuma ya kengele. Nyingi madukani kwetu ni za volti 240 moja kwa moja, hazina transfoma, na kitufe chake kinabeba umeme kamili pale getini, mvua ikinyesha na watoto wakibonyeza. Hiyo usiifunge kwa waya mwembamba hata kidogo, mwite fundi umeme.

Waya wako upitishe kwenye bomba lake la PVC, usichanganye na nyaya za taa za getini. Transfoma ibaki ndani, pakavu.