Tela la chipsi kutoka Kigamboni mpaka Mwenge, nipite wapi?

SWALI: Kaka habari, mimi mdada naishi Kigamboni nauza chipsi na mishkaki, sasa nimepata tela la kupikia, lile la dirisha la kufungua pembeni, lina tairi mbili na fundi kaniambia likiwa tupu ni kama kilo 800. Nataka kulipeleka Mwenge nimepata sehemu, nitalivuta na Hilux ya mume wangu ambayo naiendesha kila siku ila kuvuta kitu sijawahi. Mmoja ananiambia panda pantoni, mwingine ananiambia zunguka darajani, mume wangu yeye anasema endesha tu kama kawaida. Dar hii na bodaboda hizi jamani naogopa.

JIBU: Dada yangu, shemeji namheshimu ila hapo kwenye "kama kawaida" katudanganya.

Tuanze na njia. Pantoni achana nayo, kwanza foleni, halafu maji ya bahari yakipwa pale pa kupandia panakuwa na mteremko mkali na hayo matela ya jiko yana mkia mrefu nyuma ya tairi, unaburuza chini wakati watu mia wanakuangalia. Na ukivuka unatokea Kivukoni, uanze kuhangaika na mitaa ya Posta ambayo magari yamepaki pande zote, ya nini? Pita Daraja la Nyerere, hela ya daraja utatoa haikwepeki, ukishaingia Barabara ya Mandela ni kunyoosha. Ukifika Tazara usipande flaiova, ile ya Mfugale ni ya watu wa Barabara ya Nyerere, Airport na mjini, wewe pita chini nyoosha Buguruni, Tabata, External, Ubungo, unaingia Barabara ya Sam Nujoma mpaka Mwenge. Malori ya makontena utakutana nayo mengi lakini usiyaogope, dereva wa lori anajua maana ya kuvuta, anakupa nafasi kuliko hata mwenye kagari kadogo ka IST.

Nenda Jumapili, saa 12 asubuhi uwe umeshatoka nyumbani.

Sasa kona, hapa ndipo watu wanapolia. Tela halipiti pale ilipopita gari, linakata kwa ndani. Nilishawahi kuvuta jenereta la harusi, nikakunja kushoto kama nimebeba hewa, nikasikia kelele nyuma, kumbe tairi la tela limepanda kwenye ukingo na limebeba meza ya embe ya mama wa watu, nililipa embe zote na sikula hata moja. Kwa hiyo kona ya kushoto usianze kukunja mapema, nyoosha mbele kwanza mpaka uone tairi la tela linakaribia kona ndo ukunje. Ila wengi wakisikia hivyo wanatanua kulia kabla ya kona, kosa! Ukiacha uwazi kushoto dakika hiyohiyo bodaboda kashaingia, anaona mlango umefunguliwa, na wewe ukikunja unambana na tela. Mkia wa tela ubaki karibu na ukingo, indiketa washa mapema, saiti mira ya kushoto iangalie mara mbili. Kama kwenye saiti mira huoni tairi za tela basi nunua za kuongezea, zile ndefu.

Breki utahitaji nafasi mara mbili ya uliyozoea. Watachomekea hapo mbele, ndiyo, wachomekee, wewe punguza tena uache nafasi nyingine, mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa na hautapoteza kitu.

Kupakia nako kuna kanuni. Friji na vitu vizito viwe karibu na tairi za tela, kidogo kwa mbele, ili pale linaposhika kwenye gari pabebe kama asilimia 10 ya uzito wote au zaidi kidogo, yaani tela la kilo 800 pabebe kilo 80 hivi. Ukijaza nyuma linaanza kucheza kama mkia wa mjusi, na likianza kucheza usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta taratibu, usukani ushike umenyooka. Mtungi wa gesi funga kabisa uutoe, mafuta ya kukaangia mwaga. Cheni za usalama zipite msalaba chini ya kile chuma cha kuvutia, na taa za nyuma za tela zijaribiwe kabla hujatoka, maana trafiki wa kwanza tu hapo ataanzia kwenye taa.

SWALI: Na rivasi je? Nimejaribu uani kwangu tela linaenda upande ambao sitaki.

JIBU: Hahaha, wote tulipita huko. Shika usukani kwa chini kabisa, mkono mmoja, halafu mkono upeleke upande unaotaka mkia wa tela uende. Unataka mkia uende kulia, mkono nenda kulia. Kidogo kidogo, likianza kujikunja sana simama, nenda mbele linyooke, anza upya hakuna aibu. Mtafute tandiboi asimame nyuma umuone kwenye kioo, na mkubaliane kabla, asije akasema "njoo njoo njoo" mpaka ukutani. Nenda uwanja wa mpira wa mtaani asubuhi na ndoo mbili, ziweke kama ni geti, ukipita mara 5 mfululizo bila kuangusha ndoo Jumapili inayofuata twende Mwenge.