Upande wa Pili wa Meza ya Maji: Kwa Wanariadha Mnaoanza Chuo

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza huku mkiendelea kukimbia, bila shaka mmekwisha kuelezwa mengi kuhusu ratiba ya mazoezi na mitihani, kwa hiyo hayo sitayarudia. Nitazungumzia vibarua vya siku mbili tatu na watoto niliowafundisha kukimbia siku za Jumamosi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kuandaa mambo, baada ya miaka mingi ya kuandaliwa.

Mwanariadha hufika uwanjani akakuta mistari imechorwa, namba zimepangwa na maji yapo mezani. Nilikuwa na mazoea hayo hadi nilipopata kibarua cha meza ya maji kwenye mbio za barabarani mjini Moshi. Tuliambiwa tufike saa kumi alfajiri. Mimi nikafika karibu saa kumi na moja, nikijipa moyo kwamba wakimbiaji wangepita baadaye sana, nikamkuta mama mmoja akibeba katoni za maji peke yake. Hakunigombeza, alininyooshea kidole tu katoni zilizobaki, na aibu ile ninayo hadi leo. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kikombe hujazwa nusu, kwa kuwa kikijaa humwagikia mkononi mwa mkimbiaji, na kwamba wagawaji husimama kwa kuachana nafasi ili anayekosa kikombe cha kwanza apate cha pili. Katika marathoni meza za maji hupangwa takriban kila kilomita 5. Nilikuwa nimezipita nyingi bila kufikiri kuwa nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekatisha usingizi wake.

Kuhusu malipo nitasema kwa kifupi. Niliwahi kufanya kazi siku tatu kwa makubaliano ya mdomo, na posho ikaja baada ya mwezi mzima, tena pungufu, nami sikuwa na hata ujumbe mmoja wa simu wa kuonyesha tulichokubaliana. Siku hizi humwandikia mwenye kazi ujumbe wa heshima unaotaja kiasi, saa na siku ya kulipwa, kisha nasubiri ajibu kabla sijatoka nyumbani. Chagueni pia kazi kwa kuuangalia mwili: nilishusha mifuko ya saruji siku nne kabla ya mashindano, msuli wa nyuma ya paja ukakaza, na fedha niliyopata haikutosha hata kulipia matibabu.

Kuwafundisha watoto ni jambo jingine kabisa. Nilikuwa nikisaidia kuandaa wanafunzi wa shule ya msingi kwa ajili ya UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, na siku moja, kwa kutaka kuwatia hamasa, nikawasimulia habari za Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania ambaye tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Jumamosi iliyofuata nikawapanga kwa mita 800. Wote walifyatuka kama mshale, na kufikia mita 300 nusu yao walikuwa wakitembea, mmoja akiniuliza kwa uchungu kama Bayi naye alikuwa akisikia kichomi. Kosa lilikuwa langu, kwani mtoto hatofautishi hadithi na maelekezo ya kocha. Nilipaswa kuwaeleza kwanza mazoezi yaliyomwezesha yule bwana kukimbia vile.

Binti mmoja wa darasa la tano ndiye aliyeniumbua zaidi. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti, wakimbiaji wanne kila mmoja mita 100, ambapo kijiti hukabidhiwa ndani ya eneo lililochorwa, akauliza: “Mwalimu, kinachotakiwa kuwa ndani ya eneo ni mguu au kijiti?” Nilikuwa nimekimbia mbio hizo tangu sekondari, na sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe wiki moja. Nilikwenda kusoma kanuni, nikakuta kwamba kinachoangaliwa ni mahali kilipo kijiti, wala si mwili wa mkimbiaji, na kwamba eneo la kupokezana sasa ni mita 30, ilhali mimi nilikuwa bado nawapimia 20 za zamani.

Jumamosi iliyofuata nilifika uwanjani kabla ya watoto, nikiwa na kamba ya kupimia na ndoo ya chokaa, nikachora mistari upya.